Uzito wa Unyoya

Mke wa mjukuu wangu alikuwa mwepesi kiasi kwamba siku aliyoletwa hapa nyumbani, mtu mmoja alifunga mlango wa uani kwa nguvu, na upepo wa ule mlango ukamtoa sebuleni ukampeleka jikoni. Alikutwa amekaa ndani ya sufuria kubwa. Haya, labda si ndani. Labda kando yake. Lakini jina la Unyoya alilipata siku hiyo na halikumtoka tena, hata mama yake mzazi alipokuja kumtembelea aliuliza, "Unyoya yuko wapi?"

Chumba changu kiko chini ya ngazi. Ngazi zenyewe ni za mbao, kuukuu kuliko meno yangu yaliyobaki, na kila anayepanda hupita juu ya kichwa changu. Nawajua wote kwa miguu. Binti yangu, ambaye ndiye mama wa nyumba na mama mkwe wa Unyoya, hupanda kama anayegombana na mbao. Mjukuu wangu, dereva wa lori, hupanda kwa kurukaruka kama mwizi aliyesikia mlio wa ufunguo. Unyoya yeye hakusikika. Ungemwona hapa chini ameshika kikombe, halafu ungemsikia anakohoa juu, na katikati hapana kitu. Mwanzoni ilinitisha. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, ukipanda uwe unaimba, nisije nikadhani nimekufa ndiyo maana sisikii watu."

"Nikiimba utasema nakuamsha, mke mkubwa," alinijibu, "halafu unishtaki kwa mume wetu."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, wake wenza wawili tukigombea mwanamume mmoja ambaye muda mwingi yuko barabarani na shehena ya saruji.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mito. Karakana yao ni chumba kirefu nyuma ya duka la vitanda, na madirisha yake hayafunguliwi, maana upepo ukiingia sufi yote inaruka. Ndani watu wote ni weupe. Nywele nyeupe, kope nyeupe, wanatembea taratibu bila kusemezana, kwa sababu anayefungua mdomo anameza nusu ya mto. Nilikwenda pale mara moja, nikajua nimefika ahera, nikaanza kumtafuta marehemu mume wangu nimuulize aliweka wapi ufunguo wa kabati.

Mizani ya pale iliharibika siku nyingi, na mwenye karakana, ambaye wote tunamwita Mzee Pamba, hakuhangaika kununua nyingine, kwa sababu alikuwa na viganja vya Unyoya. Kila mto ulipojazwa uliletwa kwake. Aliulaza juu ya viganja viwili, akafumba macho, akauinua kidogo kama mtu anayempokea mtoto mchanga, kisha akasema neno moja. Ukiwa mwepesi alisema, "Bado." Ukiwa mzito alisema, "Umezidi," akachomoa konzi ya sufi. Ukiwa sawasawa alisema, "Tosha," na mto ukashonwa mdomo. Mtaa mzima ulilalia hilo neno tosha. Mimi pia nina mto wake, tena ananiletea mpya kila wa zamani unapochoka.

Sasa sijui ilianza lini hasa. Hakufiwa, hakugombana na mtu, hakuanguka. Alasiri moja nilikuwa nimejinyoosha kitandani nikasikia mtu anapanda ngazi. Mguu mmoja ukakanyaga. Kimya. Mguu mwingine ukaburutwa hadi ukamfikia mwenzake. Kimya tena. Mbao zililia kwa namna ambayo sikuwahi kuzisikia, wala binti yangu hazimlilii hivyo. Nilitega sikio nikaona hawa ni watu wawili, mmoja anapanda na mwingine amebebwa.

"Nani huyo?" niliuliza.

"Ni mimi, bibi," sauti ya Unyoya ikajibu.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Tangu siku ile nikawa nawasikia hao wawili kila alasiri. Akirudi kazini hakukaa jikoni kupiga soga tena. Alipanda, akalala na viatu. Siku ambayo hakuwa na kazi, jua lilichomoza likamwacha amelala, likazunguka nyumba, likachungulia dirisha la upande wa pili, likamkuta vilevile. Na hakuwa mtu aliyechoka akapumzika. Aliamka amechoka kuliko alivyolala, shavu lina alama ya shuka.

Na kula. Zamani Unyoya alikula kama ndege anayeogopa paka. Sasa alikuwa anasimama mbele ya kabati la jikoni, mgongo kwetu, anakula mkate mkavu, kipande baada ya kipande, bila chai, bila kutafuna sana. Ilikuwa kama mtu anayedondosha vitu kisimani na wewe unangoja kusikia vikifika majini. Sikusikia kitu.

Binti yangu naye aliona. Asubuhi moja, akikoroga uji, alimuuliza kwa upole wake wa sauti ya juu, "Mwanangu, una nini siku hizi?"

"Sijui, Mama," Unyoya akasema. "Najisikia mzito tu. Mwili wote mzito."

Mwanamke aliyeolewa, anayelala mchana, anayemaliza mkate, akilitamka neno hilo mbele ya mama mkwe anayesubiri mjukuu, nani atamngoja amalize sentensi? Binti yangu aliuacha mwiko ukazama kwenye uji. Akamshika Unyoya mabega yote mawili.

"Mzito," akasema, machozi yanamlengalenga. "Umesikia, mama? Mwanangu ni mja mzito."

Nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe changu, nikamwona Unyoya akifungua mdomo. Aliufungua kabisa. Akautazama uso wa mama mkwe wake jinsi ulivyokuwa unang'aa, halafu akaufunga. Kisha jambo la ajabu likatokea. Mgongo wake ulinyooka. Macho yakarudi mahali pake. Alicheka, akamkumbatia yule mwanamke, na alipopanda juu kubadilisha nguo sikusikia kitu kichwani kwangu, kana kwamba yule anayebebwa ametuliwa jikoni akasahauliwa.

Jioni ya siku ile yule anayebebwa alikuwa amesharudi. Mguu, kimya, mguu.

Habari zilimfikia mjukuu wangu huko barabarani. Alirudi na kitanda cha mtoto, cha mbao, amekifunga juu ya mifuko ya saruji, kimekuwa kijivu kama mzuka. Tulikisugua, tukakipandisha chumbani kwao, kikawekwa karibu na dirisha. Binti yangu alishona kigodoro, Unyoya mwenyewe akaambiwa atengeneze kijimto. Siku zote ambazo mumewe alikuwa nyumbani, Unyoya alikuwa Unyoya. Alimtania, alimkimbilia mlangoni, alikaa macho. Mjukuu wangu akaondoka anapiga mluzi. Na kila aliporudi ikawa vivyo hivyo, kwa hiyo katika watu wote, mwenye mke ndiye aliyeona kidogo kuliko wote.

"Mgeni wetu atafika lini?" majirani waliuliza wakipita dirishani.

"Karibu, karibu," binti yangu alijibu.

Mimi nikajisemea: Mgeni mbona alikwishafika, nilikuwa namsikia ngazini kila siku.

Kisha mito ya mtaa ikaanza kunywea. Wa kwanza kulalamika alikuwa msusi wa nywele, shoga yake Unyoya tangu utotoni, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha wafu. Alisema amenunua mto mpya, akaulalia, akaamka na sikio bapa kama chapa ya pasi. Baadaye fundi viatu akasema wake umekuwa kama soksi. Watu walifikiri sufi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Halafu Unyoya akaniletea mto wangu mpya. Niliweka kichwa, kichwa kikapita moja kwa moja, nikasikia mbao za kitanda zinazungumza. Niliwasha taa nikautazama. Ulikuwa umelala pale kama ngozi ya kitu kilichonyonywa kikatupwa.

Nilimwita. "Mke mwenzangu, umeniletea mto au foronya?"

Alikuja, akauchukua. Akaulaza kwenye viganja kama alivyozoea, akafumba macho. Nikaona mishipa ya shingo imemtoka, kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Umezidi," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani, bibi. Umezidi. Nitaupunguza."

Mimi ni mtu wa porojo, nimewahi kuwaambia watu kwamba nilicheza na simba karata nikamshinda, na simba hakunitisha. Lakini pale nywele zilinisimama. Mto haukuwa na kitu ndani, na yeye alikuwa anazidiwa nao.

Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kuna mambo yalikuwa hayakai pamoja. Msusi akija kumtembelea, Unyoya anashuka ngazi bila mlio, wanashikana mbavu kwa kucheka, anacheza hata ngoma ya kugonga sahani. Chai ya mgeni haijapoa vizuri tangu aondoke, mwenyeji amekwisha kuzima kama redio iliyoishiwa betri. Kazini wakasema anajifanya, maana wagonjwa hawachagui pa kucheka. Halafu kukawa na suala la maneno. Mzee Pamba alimwambia, tena kwa adabu, "Mwanangu, mito inatoka myepesi, hebu angalia." Basi. Unyoya alirudi nyumbani saa hiyohiyo, akajifunika shuka hadi utosini, na hakushuka hadi Mzee Pamba alipotuma salamu za pole. Binti yangu alimtania mezani, "Leo mkate umeisha wote, sisi tule meza?" Kila mtu akacheka, na Unyoya pia. Baadaye nilimsikia analia ndani ya mto, taratibu, kama maji yanayovuja ukutani. Ni kweli alikuwa mwepesi wa kuumia hata zamani, lakini si hivi.

Na kliniki hakwenda. Kila binti yangu alipomwambia twende kliniki wakampime mtoto, jibu lilikuwa wiki ijayo.

Mwishowe binti yangu mwenyewe aliingiwa na baridi. Alinijia chumbani uso umempauka.

"Mama, kuna kitu kinalala kwenye kitanda cha mtoto."

"Kitu gani?"

"Sijui. Nakitandika asubuhi, nalainisha shuka. Nikirudi kuangalia alasiri, pana shimo katikati. Nikilainisha, kesho lipo tena. Leo nimeligusa, mama. Lina joto."

"Labda paka."

"Hatuna paka."

Alikataa kupanda juu siku ile. Alikaa jikoni anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Basi nikaamua kwenda kuona mwenyewe. Mimi na ngazi hizo tulikwisha kuachana siku nyingi, hivyo nilizipanda kinyumenyume, kwa makalio, daraja moja moja, ili kama kuna kitu huko juu, kinione kisogo kwanza kifikiri naondoka. Mchana ulikuwa mweupe. Mlango wa chumba chao ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma.

Unyoya alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda kidogo. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye ukingo wa mbao. Mikono yake yote miwili alikuwa ameipitisha juu ya ukingo akailaza ndani, kwenye kigodoro, sambamba, na kuifunika kiblanketi cha mtoto hadi kwenye viwiko. Kijimto kilikuwa chini ya vidole. Ilikuwa kama ameilaza ikapata usingizi, na yeye anailinda isiamke.

"Mke mwenzangu," nilimwita. "Umemlaza nani?"

Hakushtuka. "Mikono," akasema.

"Imefanya nini?"

"Imechoka kubebwa, bibi. Nilikuwa naelekea kitandani kwetu, sikufika."

Kitanda chao kilikuwa pale pale, ukinyoosha mguu unakigusa. Nikajikokota hadi ubavuni kwake, nikafunua kiblanketi, nikaunyanyua mkono mmoja. Ulikuwa mkono tu, wenye nyama kidogo kuliko zamani, wa kawaida. Lakini nilipouachia ulishuka kama kitu kilichotupwa mtoni.

"Hakuna mtoto," Unyoya akasema.

"Najua."

"Nani amekwambia?"

"Mto wangu."

Akatabasamu nusu, halafu tabasamu likamwishia njiani. "Sikudanganya, bibi. Sikusema nina mimba. Nilisema mzito. Miguu mizito, mikono mizito, kope nzito. Kama mtu amenijaza mchanga nikiwa usingizini akanishona mdomo."

"Mbona hukumkatisha mama mkwe wako?"

"Uliuona uso wake? Hakuna aliyewahi kuniangalia vile. Nilijisikia nimefunguliwa kamba. Nikasema leo afurahi, kesho nitamwambia. Kesho yake sikuweza kuinuka. Halafu kitanda kikaja." Aliirudishia mikono kiblanketi, polepole, kwa kutumia meno. "Siku wakijua, sitakuwepo."

Alilisema kama mtu anayesema kesho hatapika.

"Utakuwa wapi?"

"Sijui. Mahali ambapo sina uzito."

Nilisikiliza nyumba. Chini binti yangu alikuwa anamenya viazi, kisu kinakwaruza, na katikati ya mkwaruzo na mkwaruzo niliona jinsi ambavyo nyumba hii ingekuwa kimya bila Unyoya. Si kimya cha kupanda ngazi kwa wepesi. Kimya kingine.

"Sawa," nikamwambia. "Ila kabla ya safari yako, goti langu limekufa. Limekufa hapa hapa, sasa hivi, kwa sababu ya ngazi zenu. Nipeleke hospitali."

"Leo?"

"Unataka mume wetu asikie mke mdogo alimwacha mke mkubwa aoze sakafuni?"

Nikajilaza chali nikakataa kuinuka. Nilijifanya gogo. Ilibidi aitoe mikono kitandani anivute, na ilituchukua muda mrefu sana, yeye anavuta, mimi najilegeza, mpaka jasho likamtoka na mimi nikaanza kumhurumia. Binti yangu alipotuona tunatoka akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kliniki. Akafurahi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua viatu chini ya meza akidhani hatuoni. Alinikunja goti, akalikunjua, akaligonga.

"Mama, goti hili ni zima."

"Zima kabisa," nikasema. "Nimeazima ugonjwa ili nimlete mwenye wa kwake. Ni huyu."

Nilidhani atatufukuza. Yule daktari alimtazama Unyoya, akavuta kiti kingine akakiweka karibu na chake, si upande wa pili wa meza. Akamuuliza kama anataka mimi nitoke. Unyoya alishika pindo la nguo yangu, basi nikabaki.

Aliuliza mambo madogo madogo, bila haraka. Usingizi. Chakula. Mikono na miguu asubuhi. Mtu akimwambia neno kali linakaa ndani muda gani. Unyoya alijibu kwa kunong'ona. Mimi uvumilivu ukaniishia.

"Daktari, samahani. Tangu nizaliwe, mwenye huzuni hali, halali, anakonda kama ufito. Huyu anakula, analala, na shoga yake akija anacheka mpaka anashika mbavu. Huzuni gani inacheka?"

"Hapo ndipo watu wanapopotea, mama," daktari akasema. "Ni sonona, ila hii tunaiita isiyo ya kawaida. Jina lisikudanganye, wenye nayo ni wengi. Ile mnayoijua, hata umletee habari njema namna gani, uso haubadiliki. Hii habari njema inamwinua mtu kweli. Hajifanyi. Anacheka kweli, halafu inamwachia anaanguka. Anakula kupita kawaida, analala kupita kawaida, viungo vinakuwa kama vimejazwa madini ya risasi. Na neno dogo la kukataliwa linamuumiza kama pigo. Watu wanaona anakula na anacheka, wanasema ni mvivu. Yeye mwenyewe anaanza kuamini."

Unyoya alikuwa ameinamisha kichwa. Tone la chozi lilidondoka kwenye kiganja kilichokuwa kimefunguka mapajani. Alikitazama kile kiganja, na nadhani alikuwa analipima.

"Nitapima damu pia," daktari akaendelea, "maana yako maradhi mengine ya mwili yanayoleta uzito kama huu. Na mimba tutapima, tuwe na uhakika." Kisha akaiweka kalamu chini. "Kuna wakati unafikiria kujidhuru?"

Nilitaka kumjibia. Daktari alininyamazisha kwa kidole bila kunitazama.

"Sijapanga kitu," Unyoya akasema. "Nafikiria tu kutokuwepo."

Daktari hakushtuka wala hakumkaripia. Walizungumza nani atakaa naye, nani atampigia simu daktari ikiwa mawazo hayo yatakaribia zaidi, na lini arudi, yaani baada ya siku chache tu. Akamweleza juu ya mshauri atakayeongea naye kila wiki, na dawa ambayo itachelewa kuonyesha kazi, asiiache kwa kuona imekawia. Majibu yakatoka. Mimba haikuwepo, damu ilikuwa safi. Tukarudi.

Njiani Unyoya alisema, "Mwambie wewe, bibi. Mimi nitakuwa juu."

Nilimsikia akipanda. Mguu, kimya, mguu. Nikaingia jikoni nikamwambia binti yangu yote, bila chumvi hata punje, na ndiyo maana ilichukua muda mfupi. Nilimwambia hakuna mgeni. Nilimwambia shimo la kitandani ni la nini. Nilimwambia na lile neno la kutokuwepo.

Binti yangu aliweka kisu mezani. Akatoka, akapanda ngazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuzikanyaga kwa ugomvi. Nilisimama chini. Nikasikia kitanda kidogo kinaburutwa sakafuni, mbao juu ya mbao, kikikwaruza. Nikajua anakitupa nje, na mwenyewe atafuata. Safari hii sikupanda kinyumenyume. Nilipanda kama binadamu, kwa mikono na magoti.

Kitanda kilikuwa kimesukumwa tu ukutani, kupisha nafasi. Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kile kikubwa, ameupakata mkono wa Unyoya mapajani.

"Mzito wapi?" alikuwa anauliza.

"Hapo."

"Na hapa?"

"Na hapo, Mama."

"Ulitamka sawa, mwanangu. Ni mimi niliyemalizia." Alijifuta pua kwa bega, asiuachie mkono. "Nitalia, sitakuficha. Yule mtoto nilishamzoea. Lakini nitalia hapa, na wewe utakaa hapa hapa nikilia. Usiende mahali."

Unyoya hakwenda mahali. Mumewe aliporudi aliambiwa naye, na kwa mara ya kwanza alikaa nyumbani hadi akamwona mke wake furaha ya kumpokea ilipokwisha. Haikumfurahisha, lakini aliona.

Haikuisha kwa siku moja, na anayetaka hadithi ya siku moja nitamtungia nyingine. Mzee Pamba alinunua mizani. Unyoya alikuwa anaulaza mto viganjani kwanza, anasema neno lake, kisha anauweka kwenye mizani. Kiganja kinasema umezidi, mizani inasema bado. Hakumgombeza mtu, wala kiganja. Aliongeza sufi akajaribu tena. Kidogo kidogo hao wawili wakaanza kukaribiana, kama watu walionuniana wanaoanza kusalimiana kwa mbali. Zilikuwepo wiki ambazo walifarakana upya, nikamsikia mgeni ngazini, na msusi akaitwa, na daktari akapigiwa simu. Zikapita.

Halafu alasiri moja nilikuwa nimelala, nikasikia mlango wa uani umefunguliwa ukafungwa. Nikangoja miguu. Haikuja. Nikangoja tena. Binti yangu alikuwa sokoni. Niliita, "Unyoya." Nyumba haikujibu. Nikaliita tena, nikasikia jina lenyewe linapanda juu, linazunguka, linarudi tupu. Lile neno alilolisema sakafuni likanikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Sijui nilipandaje. Nasema niliruka, atakayebisha hakuwepo.

Nikausukuma mlango. Alikuwa amesimama dirishani, mto umelala kwenye viganja, macho ameyafumba.

"Tosha," akasema. Ndipo akayafumbua. "Bibi, una nini? Unahema kama mbuzi."

"Umepanda saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nilikuwa naupima mto wako kabla ya kukuletea, nikashindwa kuitika. Nimepita juu ya kichwa chako."

"Sikukusikia."

Alinitazama. Nikamwona analichukua neno lile, analipima, anaelewa. Akauweka mto kifuani kwangu, nao ulikuwa mto kweli, una tumbo na mashavu.

"Sasa unataka niwe naimba?" aliuliza.

"Imba."

Akaimba, vibaya kama kawaida yake, na mimi nikaanza kushuka. Katikati ya ngazi nikasikia mbao zinalia chini yangu. Mguu mmoja, kimya, mguu mwingine unaburutwa. Watu wawili. Nilisimama, nikashika ukuta, nikasikiliza. Wimbo uliendelea juu.

Lilikuwa goti langu. Ule ugonjwa nilioazima umekataa kurudi kwao.